Kulwa ni Kulwa, Doto ni Doto: Malezi na Afya ya Akili ya Mapacha wa Kufanana

Utangulizi

Katika somo la toleo hili tunazungumzia jambo lililopo katika karibu kila kijiji cha kanda yetu ya ziwa, lakini ambalo ni nadra kuzungumzwa vikaoni: jinsi mapacha wa kufanana wanavyokua kiakili na kihisia, na mambo yanayoweza kuitikisa afya yao ya akili.

Kilichotusukuma kuandika somo hili ni kosa letu wenyewe. Katika ziara ya kutembelea kaya zinazolea watoto yatima wilayani Magu, tulibeba daftari la kuorodhesha watoto wanaohitaji sare na vifaa vya shule. Tulipofika kwa mama mmoja mzee anayelea wajukuu, tuliandika: "Mapacha, 2." Hatukuandika majina. Mzee yule alimwomba kijana mmoja amsomee tulichoandika, kisha akatuuliza, "Wanangu, mbona mmewaandika wajukuu zangu kama mafungu ya dagaa?" Tulicheka, naye akacheka, lakini neno lile lilituchoma. Tukamgeukia mtoto mmoja, mwenye umri wa miaka 9, tukamwuliza jina lake. Akajibu, "Sisi ni mapacha." Tulipomwuliza mara ya pili alimtazama kwanza nduguye, ndipo akalitaja jina lake kwa sauti ndogo.

Tangu siku hiyo tumejifunza kutazama upya. Mapacha wa kufanana ni watu wawili kamili. Undugu wao ni zawadi na nguvu, lakini kila mmoja anahitaji kuonekana, kuitwa na kusikilizwa peke yake. Tukilisahau hili, tunawaumiza bila kujua.

1. Mapacha wa kufanana ni nani?

Mapacha ni wa aina mbili. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili ya mama yaliyorutubishwa na mbegu mbili za baba. Kwa damu, hao ni kama ndugu wengine wa tumbo moja, ila wamezaliwa pamoja. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa na kisha kugawanyika mara mbili katika siku za mwanzo za mimba. Kwa sababu hiyo vinasaba vyao karibu vyote ni sawa, nao huwa wa jinsia moja. Duniani kote mapacha wa kufanana hutokea karibu mara 3 hadi 4 katika kila uzazi 1,000, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya bara na bara. Familia zinazojulikana kwa kuzaa mapacha kizazi baada ya kizazi mara nyingi huwa na wale wasiofanana.

Wengi wetu huamini kwamba kila pacha akiwa na kondo lake la nyuma, basi si wa kufanana. Si kweli. Karibu theluthi moja ya mapacha wa kufanana huwa na kondo mbili. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachotoa jibu la uhakika.

Hata wenye vinasaba sawa hawako sawa kwa kila kitu. Alama za vidole vya Kulwa si zile za Doto. Tumboni mmoja anaweza kupata chakula kingi zaidi ya mwenzake na kuzaliwa na uzito mkubwa. Baadaye mmoja anaugua malaria kali, mwingine anapona mapema. Mmoja anampata mwalimu mpole, mwingine mkali. Wanaanza na mbegu moja, lakini hawapiti njia moja.

2. Mwanzo mgumu wa mama na watoto

Afya ya akili ya mapacha huanza na afya ya mama yao. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, na wengi huwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mama wa mapacha amo katika hatari zaidi ya shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kutokwa na damu nyingi. Baada ya kujifungua ananyonyesha wawili, hapati usingizi, na mara nyingi hana wa kumsaidia. Tafiti katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba akina mama wa mapacha hupatwa na sonona baada ya kujifungua zaidi ya mama wa mtoto mmoja.

Dalili za sonona ni huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya wiki mbili, kulia bila sababu, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi hata watoto wanapolala, kujiona hafai, au kuwatazama watoto bila kuhisi chochote. Huo si uvivu, wala si kulogwa. Ni ugonjwa unaotibika, na mtoto anayelelewa na mama mwenye sonona isiyotibiwa huchelewa katika mengi. Mama akisema anafikiria kujidhuru au kuwadhuru watoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mapacha njiti, kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi husaidia sana. Hapa baba, bibi au shangazi ana nafasi yake: mama ambebe mmoja, naye ambebe mwingine, kisha wabadilishane, ili kila mtoto apate joto na sauti ya mama yake.

3. Lugha: anayemsemea mwenzake

Katika ziara zetu tumesikia mara nyingi maneno haya: "Huyu hasemi, nduguye ndiye anamsemea." Wazazi huyasema kwa kucheka, lakini ni jambo la kufuatilia. Kwa wastani mapacha huchelewa kidogo kusema kuliko watoto waliozaliwa peke yao. Sababu kubwa ni rahisi kuelewa: mama mwenye watoto wawili wa umri mmoja hana muda wa kuzungumza na kila mmoja. Anasema nao kwa pamoja: "Njooni, kaeni, kuleni." Nao kwa kuwa wako pamoja kutwa, wanaelewana kwa ishara na maneno yao wenyewe ambayo wengine hawayajui.

Mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, pamoja na mwenzake Yudovich, walichapisha mwaka 1956 habari za mapacha wawili wa kiume wa kufanana, wenye umri wa karibu miaka 5, ambao usemi wao ulikuwa nyuma sana. Walipowekwa katika makundi mawili tofauti ya shule ya awali, kila mmoja alilazimika kusema ili aeleweke na watoto wengine. Baada ya miezi michache usemi wao ulipiga hatua kubwa, hata michezo yao ikabadilika: wakaanza kupanga jambo kabla ya kulitenda. Kwetu sisi funzo ni kwamba mtoto hujenga akili yake kwa kuzungumza na watu wengi, hata kama ana mwenzi anayemwelewa bila kusema.

Dawa yake haihitaji fedha. Ukiingia katika nyumba yenye mapacha, usitoe "mwangaluka" moja ya jumla na kupita. Msalimie Kulwa kwa jina, umngoje ajibu. Kisha msalimie Doto, umngoje naye. Kulwa akimjibia Doto, mwambie kwa upole, "Asante, sasa nataka kumsikia Doto mwenyewe." Ikiwa mtoto amefika miaka miwili hasemi neno lolote, au haitikii sauti, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio na maendeleo yake. Asiachwe kwa kuwa tu "mapacha ndivyo walivyo."

4. Mkubwa na mdogo: hatari ya kulinganisha

Kwa Wasukuma, Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka na Doto ndiye aliyefuata. Mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Majirani zetu Wajaluo wa upande wa Mara huwaita Opiyo na Odongo kwa wavulana, Apiyo na Adongo kwa wasichana. Majina haya ni urithi wetu mzuri, kwa kuwa yanatangaza kwamba watoto hao walipokelewa kwa heshima ya pekee. Lakini tukumbuke kwamba ni majina ya nafasi. Darasa moja linaweza kuwa na Kulwa watatu. Ni vema kila pacha awe pia na jina lake mwenyewe, liandikwe kwenye kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na litumike.

Zaidi ya jina ni wajibu tunaowabebesha. Dakika 10 za kutangulia kuzaliwa zinageuka kuwa cheo cha maisha: Kulwa aongoze, Doto afuate, Kulwa hana ruhusa ya kuogopa, Doto hana ruhusa ya kuamua. Kisha tunaongeza vibandiko vyetu: huyu mwerevu, huyu mzito, huyu mpole, huyu mtundu. Kwa kuwa sura zao ni moja, hata tofauti ndogo tunaikuza ili tuweze kuwatambua, na mtoto anaishia kuishi kadiri tulivyomwita.

Wanaosoma Mwanzo sura ya 25 watawakumbuka Esau na Yakobo. Hawakuwa mapacha wa kufanana, lakini nyumba yao inatufundisha: baba alimpenda mmoja na mama akampenda mwingine, na upendeleo huo uliwafanya ndugu waliolala tumbo moja wakimbiane kwa miaka mingi.

5. Shuleni

Wazazi hutuuliza: mapacha wakae darasa moja au watenganishwe? Tafiti hazijaonyesha kwamba njia moja ni bora kwa mapacha wote. Watoto waliozoea kuwa pamoja wanaweza kupata wasiwasi mkubwa wakitenganishwa ghafla katika siku za kwanza za darasa la kwanza. Wengine hupumua wanapopata darasa lao na rafiki zao. Waulizwe wenyewe, na uamuzi uangaliwe upya kila mwaka. Wakiwa darasa moja, wasikae dawati moja siku zote, na mwalimu ajue alama moja ya kuwatofautisha badala ya kusema "wewe pacha."

Jaribu kubwa huja wakati wa matokeo ya mtihani. Mmoja amefaulu na kuchaguliwa, mwingine hakuchaguliwa. Kwa ndugu wengine hilo ni pigo. Kwa mapacha wa kufanana ni pigo mara mbili, kwa maana aliyeshindwa ataiona kila siku sura yake mwenyewe imevaa sare mpya. Aliyefaulu naye anaweza kuona hatia, hata akaacha kusoma ili asimwache mwenzake. Katika wiki hizo mzazi asimwambie aliyeshindwa, "Mbona mwenzako ameweza?" Azungumze na kila mmoja peke yake, na mpango wa aliyebaki, uwe ni kurudia, ufundi au kazi, upangwe kwa uzito uleule.

6. Ujana na kujitafuta

Kila kijana hujitenga kidogo na wazazi ili ajue yeye ni nani. Pacha ana kazi mbili: kujitenga na wazazi, na kujitenga na pacha mwenzake. Mmoja anaweza kutaka kubadilisha mavazi, kanisani akahamia kwaya nyingine, au kupata rafiki asiye wa wote wawili. Mwenzake huona ameachwa. Ugomvi wa wakati huu mara nyingi si chuki. Wazazi wasiulazimishe umoja kwa nguvu, wala wasishangilie utengano.

Mfano mzuri tuliouona sote nchini ni wa marehemu Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996 wakiwa wameungana. Walifiwa na wazazi wakiwa wadogo, wakalelewa na masista wa shirika la Consolata. Mwaka 2017 walijiunga na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha mjini Iringa, wakiwa na nia ya kuwa walimu. Walifariki tarehe 2 Juni 2018. Walitumia mwili ulioungana, lakini walipewa majina mawili, na taifa zima liliwafahamu kama Maria na Consolata. Ikiwa hao waliheshimiwa kama watu wawili, tuna udhuru gani kwa mapacha wanaotembea kila mmoja kwa miguu yake?

7. Ugonjwa wa akili: je, mmoja akiugua, mwingine naye ataugua?

Swali hili huulizwa kwa hofu, na jibu lake linatia moyo kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi wanasayansi wamewatumia mapacha kupima nguvu ya urithi. Mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwachunguza mapacha waliolelewa mbalimbali. Ilionekana kwamba wale wa kufanana walifanana sana kwa tabia hata bila kukua pamoja. Kwa hiyo urithi una nguvu kweli. Lakini hauamui kila kitu.

Tuchukue skizofrenia, ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli. Katika watu wote kwa ujumla, humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua hupanda sana, lakini hufikia karibu nusu tu au chini yake. Kwa sonona mchango wa urithi ni mdogo zaidi, karibu theluthi moja. Kinachobaki kinatokana na maisha yenyewe, kama vile misiba, ukatili, ulevi, upweke na umaskini.

Maana yake ni mambo matatu. Kwanza, pacha mmoja akiugua, familia imfuatilie mwenzake kwa karibu na kumpeleka mapema akionyesha dalili. Pili, isimhukumu mapema kwa kumnyima shule, kazi au ndoa. Tatu, ugonjwa huu si laana ya kuzaa mapacha.

Wala kuwa pacha si ugonjwa. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mapacha hufariki kwa kujiua mara chache kuliko watu wengine. Watafiti waliona kwamba mshikamano wa karibu wa kifamilia humlinda mtu.

8. Mmoja anapofariki

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara, kati ya mwaka 2009 na 2014, mapacha 213 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa watoto waliozaliwa mmoja mmoja walikuwa 64. Hii ina maana kwamba katika vijiji vyetu wapo watoto na watu wazima wengi ambao ni pacha aliyebaki.

Upande wa Sengerema tulikutana na mama ambaye mwanawe mmoja wa miaka 6 alifariki kwa malaria. Alituambia, "Siwezi kumtazama huyu aliyebaki. Kila akigeuka namwona marehemu." Ndugu walimkataza mtoto kulia, wakisema akilia atamfuata mwenzake. Mtoto aliacha kucheza, akawa anaacha nafasi upande mmoja wa mkeka anapolala, na akiitwa kwa jina la marehemu anaitika.

Tulizungumza na mama, na baadaye na mtoto, tukisaidiwa na muuguzi. Mambo yaliyosaidia yalikuwa haya: mtoto alielezwa kwa maneno ya wazi kwamba nduguye amefariki, si "amesafiri", alipelekwa kaburini na kuruhusiwa kulia, aliambiwa kwamba si kosa lake na kwamba hatakufa kwa sababu ya kulia, na wote nyumbani walikubaliana kumwita kwa jina lake tu. Mama naye alipata wa kumsikiliza. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilichukua karibu mwaka mzima mtoto yule kurudi mchezoni.

Pacha aliyebaki hapaswi kubeba maisha ya wawili. Aruhusiwe kumkumbuka mwenzake, na aruhusiwe pia kusherehekea siku yake ya kuzaliwa.

9. Tufanye nini?

Kwa wazazi na walezi:
a) Kila siku mpe kila mtoto dakika chache za peke yake, hata ni kumtuma kisimani au kwenda naye mwaloni kununua samaki.
b) Sare zikifanana si kosa, ila kila mmoja awe na kitu kimoja kilicho chake.
c) Mkosaji aadhibiwe yeye, na mwenye kustahili sifa asifiwe yeye.

Kwa walimu na walimu wa shule ya Jumapili:
a) Mjue kila pacha kwa jina na sura.
b) Usilinganishe alama zao mbele ya wengine.

Kwa viongozi wa vikundi na wahudumu wa miradi:
a) Andikeni jina la kila mtoto kwenye mstari wake.
b) Mtembeleeni mama wa mapacha katika wiki sita za kwanza, na mpeleke msaada wa mikono: maji, kuni, kufua.
c) Mkiona dalili za ugonjwa wa akili, anzeni zahanati au kituo cha afya. Kwa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina idara ya magonjwa ya akili.

Hitimisho

Tulirudi kwa mzee yule wa Magu na daftari jipya. Safari hii kulikuwa na mistari miwili, majina mawili na vipimo viwili vya sare, maana mmoja alikuwa amemzidi mwenzake urefu wa vidole viwili na sisi hatukuona hapo kwanza. Mtoto aliyetujibu "sisi ni mapacha" alitaka kuona jina lake lilipoandikwa. Tulimwonyesha. Akaweka kidole juu yake, kisha akamwita nduguye aje aone la kwake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, katika mtaa wetu tunawaita mapacha kwa majina yao au kwa jina la jumla? Kwa nini?
2. Ni mila zipi za kwetu kuhusu mapacha zinazowajenga watoto, na zipi zinazowaumiza?
3. Ni nani katika kikundi chetu anayelea mapacha sasa? Wiki hii tutamsaidia kwa kazi gani?
4. Tunamjua mtu aliyefiwa na pacha wake? Je, amewahi kupata nafasi ya kuzungumza juu yake?